Ombi la Kuizuia kwa Muda "R" ya Binti Yangu

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni karani wa masjala, baba wa yule binti mwenye viatu vya njano katika darasa la chekechea la shule yako ya lugha mbili. Nakuandikia kwa heshima, maana jambo lenyewe linagusa ajira yangu.

1. Siku ya wazazi, binti yangu alipanda jukwaani akatamka "r" kwa lugha zote mbili, ikanguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Nilipiga makofi. Kumbe nyuma yangu alikaa Mkurugenzi wetu wa ofisini, na aliyefuata jukwaani ni mwanawe, ambaye alitutangazia kuwa baba yake ni "mkulugenzi". Ukumbi ukacheka. Mimi, Mungu shahidi, nilikohoa tu.

2. Tangu hapo ofisini hapakaliki. Kila akipita huniuliza, "Karani, huyo mtoto mnamlisha nini?" Dereva wake ananiita Baba Ngurumo. Na kuthibitishwa kwangu kazini kunasubiri sahihi yake.

3. Nilimwendea mwalimu wa darasa. Akacheka, akasema, "Baba, sauti ni kama meno, kila mtoto na siku yake. 'R' huchelewa kwa wengi, na lugha mbili hazina kosa." Maneno mazuri, lakini Mkurugenzi nitamwambiaje asubiri? Yeye hata lifti haisubiri.

4. Nyumbani nimepiga marufuku michezo ya magari, simba na radi. Mke wangu ameniuliza kama nina homa. Jana nilimsihi mtoto aseme "ludi" badala ya "rudi". Akanitazama kwa huruma, akanishika kidevu: "Baba, ulimi juu. Haya, puliza."

5. Sasa nasikia amepewa shairi la kufunga muhula, nalo linahusu treni. Treni, Mwalimu Mkuu! Itapita juu ya kazi yangu.

Kwa hiyo naomba apewe shairi la popo, asiye na "r" hata moja, au sauti hiyo ifungiwe kabatini kwako hadi nithibitishwe. Nitakuja kuichukua mwenyewe.

Nisalimie walimu wote, na mlinzi wa geti aliyeniazima mwavuli.

Wako mtiifu,
Karani wa Masjala (bado wa majaribio)

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, Mkurugenzi akaingia na mwanawe begani. Kumbe kila mapumziko binti yangu humshika kidevu nyuma ya tangi la maji na kumfundisha. Mtoto akaninyooshea kidole: "Karrrani!" Mkurugenzi akafuta machozi, akanitilia sahihi papo hapo, karatasi ikiwa mgongoni mwa dereva. Mpe binti yangu treni hiyo, na mabehewa yote. Barua hii nimeshaigonga mhuri, na masjala kwetu chenye mhuri hakirudi, lazima kiende. Tafadhali anza kuisoma hapa, na uishie hapa hapa.