Kuhamisha Kina Mama Mia Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, nisamehe. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa na mimba ya miezi saba na nywele zilizosukwa. Sasa binti ana miezi kumi, na nywele... tuziache. Sababu ya kukawia ni moja tu. Ina meno mawili na sasa hivi inatafuna jalada lako. Nimemnyang'anya. Akapiga kelele. Nimemrudishia. Tafuna tu, mama, kurasa zipo nyingi.

Nimerudi kwa sababu ya balaa. Jukwaa letu linafungwa! Wenye mtandao wametangaza asubuhi hii: Jumapili saa sita mchana wanazima, asanteni kwa kuwa nasi. Mistari miwili. Miaka saba ya kina mama mia tatu, mistari miwili!

Nikueleze, maana hujui. Ni jukwaa la kina mama wenye watoto wadogo. Mwanzilishi ni mkunga mstaafu, tunamwita Mkunga, basi. Majina yetu hatuyatumii. Ukiingia unabatizwa kwa swali lako la kwanza, na jina halifutiki. Mimi, siku ya tano baada ya kujifungua, niliuliza kama kwikwi inaua. Ndiyo maana ni Mama Kwikwi. Mwenzetu mmoja mwanawe yuko darasa la kwanza, anasoma na kuandika, lakini mama bado ni Mama Kinyesi Kijani. Na anaitika.

Cheka, lakini Baba Mtoto yuko kiwandani kutwa. Mama yangu yuko mbali. Jirani hana mtoto, ana paka. Watu wazima ninaoongea nao mchana wote wamo ndani ya simu. Wakitawanyika, nabaki na paka.

Mkunga amesema macho yake yamechoka, kutuhamisha hakuwezi. Ijumaa tupige kura, tuchague wa kutuongoza tunakokwenda. Kabla hajamaliza kuandika, Mama Ratiba kajitokeza. Huyu swali lake la kwanza lilikuwa: je, ni kawaida mtoto wa wiki tatu kulala kwa ratiba? Hilo si swali. Ni majigambo yaliyowekewa alama ya kuuliza. Ana mpango tayari: kundi jipya, na maswali yaulizwe saa nane hadi saa tisa mchana. Basi! Kana kwamba kuhara kuna saa za ofisi.

Nimegombea. Kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa na kijiko.

Jumanne, 4 Machi

Kampeni. Nimerekodi hotuba ya sauti ya dakika tatu, yenye hisia, huku nikibadilisha nepi ili nisipoteze muda. Nikaituma. Ndipo nikaisikiliza.

Sekunde ishirini za mwanzo ni nzuri mno. Zilizobaki ni mimi nikisema toa mkono, nimesema toa mkono humo, eh Mungu wangu, mpaka ukutani!

Wamesikiliza watu sitini na mmoja. Mama Kinyesi Kijani kaandika kwamba katika maisha yake hiyo ndiyo hotuba ya kwanza ya mgombea aliyoielewa yote. Nahesabu hiyo ni kura.

Mama Ratiba naye katuma mpango wake. Umechorwa kwa rula. Una rangi nne. Mwanamke mwenye mtoto mchanga anapata wapi kalamu nne zenye vifuniko?

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Mama mkwe! Ana simu, amezaa, na hakuna kanuni inayosema uwe umezaa lini. Nikaenda kwake, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza: ajiunge leo, Ijumaa abonyeze jina langu, hana kazi nyingine. Akakubali upesi. Upesi ule ungenitisha kama ningekuwa nimelala vizuri.

Mgeni huulizwa umri wa mtoto. Akajaza ukweli: miaka thelathini na moja. Halafu akauliza swali lake la kwanza. Mwanangu hali mboga, nifanyeje?

Mwanawe ni mume wangu.

Majibu thelathini na manne! Mmoja kamwambia azisage azichanganye na kitu anachokipenda. Mwingine kasema asimlazimishe, amwekee mezani aizoee rangi. Mkunga mwenyewe kaandika kwamba ni hatua tu, itapita. Sasa ni Mama Mboga, na anapendwa kuliko mimi. Alasiri akageukia kwangu mbele ya watu mia tatu: na wewe Mama Kwikwi, mjukuu wangu juzi nilimkuta bila soksi, ndiyo nini? Nimeandika kwamba alizivua mwenyewe. Hakuna aliyesadiki.

Baba Mtoto amerudi, akasoma yote, akaniangalia. Akala mboga.

Ijumaa, 7 Machi

Kura. Mama Ratiba mia moja arobaini na mbili. Mimi tisa.

Mama mkwe kampigia yeye! Wala hakuficha. Kaniambia kwa upole, mtoto akiwa mgongoni kwake, kwamba yule binti ana mpangilio, na mimi nina moyo, lakini mwanangu, moyo haufui nepi. Nikasema ndiyo mama.

Lakini subiri. Mkunga akauliza nani atanakili mada za zamani kabla hazijapotea Jumapili. Homa, kunyonyesha, kuota meno, vipele, yote. Kimya. Kimya cha kina mama mia tatu si kitu kidogo. Mama Ratiba akaanza kugawa: wewe hii, wewe ile, watu kumi.

Akili ikawaka. Mwenye mada ndiye mwenye kina mama! Yeye abaki na ratiba yake, mimi nitashika kila kitu. Nikaandika kwamba nitazinakili zote. Peke yangu. Mama Ratiba akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimezaa mtoto wa kilo nne na gramu mia mbili. Hapo watu huwa hawaendelei na mjadala.

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza! Saa sita kasoro dakika nne!

Nilivyofanya: kupiga picha za skrini kwa kidole gumba cha kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umemshika mtoto kwenye titi. Picha ya mia mbili, simu ikasema imejaa. Nikafuta picha za harusi. Ndoa yenyewe si ipo? Ikajaa tena. Jumamosi jioni nilikuwa sijafika hata kwenye kuota meno.

Ndipo nikaona. Maswali ya nini? Kila swali linaanza habari wapendwa, samahani kwa usumbufu, mimi ni mgeni, linazunguka mtaa mzima kabla ya kufika kwenye kipele. Hekima imo kwenye majibu! Nikafuta zote nilizokwisha kupiga, nikaanza upya: nikayaruka maswali, nikachukua majibu matupu, vipande vidogo visivyojaza simu. Kazi ikaenda kama maji. Picha elfu moja na mia moja! Saa sita kamili jukwaa likawa ukurasa mweupe. Nikalia kidogo. Binti akanipapasa shavu kwa mkono uliojaa mate. Nikazimimina picha zote kwenye albamu ya kundi jipya, nikakaa kungoja shukrani.

Wa kwanza alikuwa Mama Kinyesi Kijani. Kauliza hii inayosema "Ndiyo, zote mbili, lakini si kwa wakati mmoja" inahusu nini. Mwingine kaleta "Usivute. Narudia, usivute." Kuvuta nini? Mwingine: "Ikiwa upande wa kushoto tu, mpigie daktari leo leo." Upande wa kushoto wa nini, jamani?

Mama Ratiba kauliza kwa ustaarabu, ustaarabu ule unaouma, maswali yako wapi. Nikasema yalikuwa marefu.

Mkunga naye kaandika. Asifuate mtu hata jibu moja humo mpaka lipate swali lake, mtoto si kitu cha kubahatisha. Na miaka saba, kasema, ndiyo basi.

Hilo "basi" limenikaa kifuani. Nikatafuta ile mada yangu ya homa. Mtoto alikuwa na miezi minne, anawaka moto, gari la kwenda hospitali linakawia, na Mkunga alikaa nami kwenye simu mpaka likafika. Nilichookoa ni hiki: "Vizuri, mama. Mpime tena." Halafu: "Vizuri. Tena." Halafu: "Umefanya vizuri sana." Niliyoandika mimi hayapo. Swali lilikuwa mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilipanga kujitoa kundini asubuhi, kimya kimya. Nikafungua simu nijitoe. Ujumbe mia nne!

Mmoja alikuwa ameandika: hiyo ya usivute ni yangu! Kitovu kilichokuwa kinaning'inia! Na huyo ni mtu aliyenyamaza miaka mitatu, wenzangu wa zamani wakidhani ameacha kuzaa na kuwaacha wao pia. Akaandika swali lake upya, Mkunga akalithibitisha, likaunganishwa na jibu. Kisha mwingine. Kisha kumi. Ile ya "zote mbili, lakini si kwa wakati mmoja" ilihusu njia mbili: titi na mashine ya kukamulia maziwa. Wanaletana, wanazomeana, wanaulizana mtoto yule siku hizi yuko wapi. Mama Mboga amedai majibu matano yasiyomhusu.

Na saa mbili asubuhi, nje kabisa ya saa yake ya maswali, Mama Ratiba kachukua hili: "Hakuna mtoto unayeweza kumharibu kwa wiki tatu. Mlaze mahali salama, ulie, uoge, urudi." Kaandika kwamba ni lake. Kwamba ratiba ile ilikuwa ya siku mbili, akaitangaza, na siku ya tatu mtoto akaanza kulia na hakunyamaza mwezi mzima. Alimuuliza Mkunga pembeni, kwenye mada isiyosomwa na mtu.

Nimemwandikia kwamba kalamu zake nne ni nzuri. Kanijibu kwamba tatu zimekauka.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari, shajara. Ukweli usemwe: mpango wangu umefanikiwa kuliko nilivyoupanga. Ningenakili kila kitu sawasawa, nani angerudi? Wangekuja, wangeona kila kitu kipo, wangeondoka. Huo ni uongozi. Nimemweleza Mkunga hivyo. Kanitumia kidole gumba, sijui cha kukubali au cha kunionyesha mlango. Mama mkwe kasema soksi.

Sasa kazi inaenda mbele. Albamu ya kundi imejaa, na maswali mapya yanazidi kuja, lazima yapate nafasi. Safari hii nimetumia akili. Nimewatangazia wote kwamba mambo yanakwenda vizuri, na ninachohitaji kutumiwa kufikia kesho saa nane ni hiki tu: swali la jibu lisemalo "Hapana, hata kama baba yake alikuwa hivyo", swali la "Hongera, lakini mtoe kwenye ndoo", swali la "Subiri asinzie, kisha kata upande mmoja", jina la aliyeandika "Asanteni, amecheka," bila kusema nani, na, kwa wale ambao maswali yao yamekwisha kuingia salama, majibu ya maswali hayo, yote mia moja na sitini, maana hayo nimeyafuta leo asubuhi kupata nafasi.