Unyoya wa Kuku wa Gredi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Sikio la kulia limeziba na linauma mpaka kwenye taya. Sababu siijui. Jana nililikuna vizuri kabisa kwa unyoya wangu wa kuku, ule ninaouweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Leo kuna usaha kwenye mto. Muthoki, mke wangu, aliutazama mto, akautazama unyoya, akaenda zake jikoni.

Ni wiki mbaya ya kuugua. Jumapili askofu anakuja kanisani kwetu Makadara, nami nimepewa ubeti mzima niuimbe peke yangu. Miaka kumi na miwili nimesimama safu ya nyuma nikiitikia tu. Mama anatoka Mwala kuja kunisikiliza. Nina furaha.

Jumanne, 3 Juni
Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kliniki. Nesi Beldina alichungulia kwa katochi kake, akauliza huwa naingiza nini humo ndani. Nikasema hakuna. Akatoa kipande cha unyoya.

Nimepewa dawa ya matone: matatu asubuhi, matatu jioni, kwa siku saba, na kila mara nilale ubavu dakika tano. Maji yasiingie, nikioga niweke pamba iliyopakwa vaselini. Nisiingize kitu tena, hata kijiti cha kiberiti. Sikio hujisafisha lenyewe, ati.

Siku saba! Jumapili haiko mbali hivyo. Nimepiga hesabu: nikitia chupa yote leo, kesho nitakuwa nimepona.

Jumatano, 4 Juni
Sijapona. Nilipoinama kufunga viatu nyumba ilizunguka, nikakaa sakafuni mpaka saa tatu. Dawa nyingi iko kwenye kola ya shati. Muthoki amenifuatia chupa nyingine. Beldina alimwuliza kama nilidhani ni sharubati. Sasa chupa inakaa kwenye mkoba wa Muthoki na natiwa dawa kama mtoto wa nasari.

Alhamisi, 5 Juni
Mazoezi ya kwaya. Mimi huimba nimefumba macho. Ndipo besi inapotoka. Mwalimu Carolyne alikunja ngumi tunyamaze. Wote wakanyamaza. Mimi nikaendelea ubeti mmoja na nusu. Kile kimya nilidhani ni heshima.

Baadaye Oketch, anayeumezea mate ubeti wangu tangu Pasaka, alikuja na upole wake. "Nzivo, hilo sikio liko sawa kweli? Ama nikushikie huo ubeti?"

Nikasema niko fiti. Kisha nikapata wazo. Oketch husimama kando yangu. Nimemwomba Jumapili anivute joho zamu yangu ikifika. Akakubali haraka mno. Nitamchunga.

Jumapili, 8 Juni
Kulikuwa na manyunyu. Niliweka pamba masikio yote mawili, kwa usalama. Mama alikaa safu ya tatu na kitambaa chake kipya. Alikuja na jogoo kutoka Mwala.

Askofu akasema tuombe. Tukapiga magoti, macho nimefumba. Nikahisi joho limevutwa. Nikainuka, nikaimba. Niliimba kuliko nilivyowahi kuimba. Nilipofumbua macho kanisa lote lilikuwa magotini, na askofu alikuwa anamwashiria Oketch kwa mkono anitoe pale. Oketch alikuwa amepiga magoti juu ya pindo la joho langu. Bahati mbaya, anasema.

Ubeti wangu, wakati wake halisi ulipofika, aliimba Oketch. Wanasema aliimba vizuri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, hata lile zima.

Mama anasema alisikia kila neno. Akaniuliza kwa nini yule mzee mwenye joho la zambarau alikuwa ananikatiza.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepona. Muthoki alitia matone asubuhi na jioni akishika saa, wala hakunionea huruma. Beldina amechungulia, akasema ni safi, akarudia kwamba nisiingize kitu chochote. Nimemshukuru kwa moyo wote. Mama pia alinisindikiza, akatikisa kichwa kukubali kila neno la nesi.

Nimetafakari sana yaliyotokea, nami nakiri kosa. Ule unyoya ulikuwa wa kuku wa gredi, wale wa kulishwa madawa. Nilistahili.

Leo tumemchinja jogoo kumuaga Mama. Kuku wa kienyeji kabisa, amekula nafaka za Mwala maisha yake yote. Nimechagua unyoya mmoja mrefu wa mkia, nikauosha kwa sabuni. Sikio la kushoto linawasha kidogo.