Malalamiko ya Mtu Ambaye Namba Zake Zinashuka

Makomeno, Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa sita

Kwa Bwana Profesa Liévin Mukuka, mwenye uchunguzi wa namba, chuo kikuu, huko Kasapa

Bwana Profesa mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu uliyemfuta. Jina langu ni Edouard Mwaba, umri miaka sabini na mbili, mstaafu wa mgodi. Mwezi uliopita ulimtuma mwanafunzi wako, binti Chancelvie, apite nyumba kwa nyumba akiwauliza watoto, watu wazima na sisi wazee namba zinakaa upande gani vichwani mwetu. Nilimpa kiti kizuri, na mke wangu Agnès akampa ndizi na karanga. Wiki hii binti huyo amerudi, kwa adabu kubwa, kutuambia kuwa karatasi yangu imetolewa katika uchunguzi kwa sababu majibu yangu yanapingana. Karatasi za avenue nzima zimebaki, hata ya jirani yangu aliyesinzia katikati ya maswali.

Nimekasirika, Bwana Profesa. Ila mimi si mtu wa kupiga kelele barabarani, kwa hiyo nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba. Utaona yanaanza juu na kushuka chini, kama namba zinavyotakiwa kufanya.

1. Kuhusu mstari. Chancelvie aliniwekea karatasi yenye mstari uliolala, moja upande wa kushoto, mia upande wa kulia, akaniomba nionyeshe hamsini, kisha tisa, kisha themanini na tatu. Nilimwuliza kwa upole nani aliyeulaza huo mstari. Hakujua. Basi nikaigeuza karatasi mpaka mstari ukasimama, nikaweka moja juu na mia chini kabisa. Mgodini ndivyo ilivyo: mita mia tano ziko chini ya mita mia mbili, mita elfu ziko chini zaidi, na joto linapanda kadiri namba inavyokua. Kaji, lile sanduku la chuma linaloshusha wafanyakazi, haijawahi hata siku moja kushuka kwenda kulia.

2. Kuhusu mashine. Baada ya mstari ilikuja mashine yenye vitufe viwili. Namba inatokea kwenye kioo, unabonyeza kushoto au kulia kama ulivyoelekezwa, na yenyewe inapima mbio za kidole. Sasa inadaiwa kwamba vidole vyangu vilikuwa vyepesi ajabu kila namba ndogo ilipotakiwa kushoto na kubwa kulia, vyepesi kuliko vya wazee wote wa Makomeno, na vikasitasita ilipokuwa kinyume. Yaani mkono wangu unasema hivi na kalamu yangu inasema vile. Mimi nasema mashine yenu ni mbovu. Vidole hivi nimekaa navyo miaka sabini na mbili, navijua kuliko kompyuta.

3. Kuhusu umri. Binti alitueleza, na alieleza vizuri, kwamba watoto wadogo wanazipa moja, mbili na tatu nafasi pana kama wageni wa heshima, halafu themanini na tisini wanazibana mwisho wa mstari zikose hata pa kupumua. Mtu mzima anazigawia nafasi sawa. Na sisi wazee, eti ile tabia ya kushoto na kulia inazidi kukomaa ndani yetu. Asante sana. Nyumbani kwangu kuna mzee mwingine: Agnès alipoulizwa themanini iko wapi, aliisukuma mpaka pembeni kabisa mwa karatasi, akasema yeye hana haraka ya kufika huko. Jibu hilo hamkulifuta.

4. Kuhusu hatari kwa raia. Mwezi wa tatu nilikwenda mjini na mjukuu wangu Michelle, mwenye miaka sita, kufuatilia karatasi yake ya kuzaliwa. Mlinzi wa jengo alituambia twende ghorofa namba sita. Nikamshika mtoto mkono, tukashuka ngazi. Tulishuka mpaka penye jenereta. Tulikaa juu ya ndoo mbili saa nzima tukimngoja karani, moshi ukitutoa machozi, na nikamwambia mtoto avumilie maana ofisi kubwa ndivyo zilivyo. Fundi wa jenereta alituonea huruma akatugawia muhogo wake. Nani atalipia aibu hiyo, Bwana Profesa, kama si ninyi mnaowafundisha watu kupanga namba kwenda juu?

5. Hili ndilo linaloniuma, na nisingeandika barua kama si hili. Michelle yuko darasa la kwanza. Mwalimu wake, Madame Honorine, aliwaambia watoto waandike moja mpaka ishirini kwenye kibao. Wenzake wote waliandika kwa kulala. Michelle alianzia juu akashuka, kibao kikamwishia kwenye kumi na tatu, akaendelea kwenye benchi. Alipoambiwa afute, alikataa. Alisimama mbele ya darasa zima akasema: “Kambo yangu alishuka kule mgodini ye mwenyewe. Anajua.” Kambo ni mimi, babu yake. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Mademoiselle Asansea, yaani Binti Lifti, na kila saa sita anarudi nyumbani amelia. Madame Honorine ameandika katika daftari kwamba mtoto ni mkaidi, na kama hataandika namba kama wengine, siku ya proklamasio jina lake halitasomwa kati ya wanaopanda darasa. Zimebaki wiki mbili. Mtoto huyu anahesabu mpaka mia mbili bila kukosea. Kosa lake ni moja tu, kuniamini, na kila nikimwona anafuta machozi kwa mkono wenye chaki, roho yangu inauma.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mambo yafuatayo. Karatasi yangu irudishwe katika uchunguzi, pamoja na neno la kuomba msamaha. Uniandikie cheti chenye muhuri, nimpelekee Madame Honorine, kinachosema namba zinashuka. Mbao zote za shule zisimamishwe wima. Vitufe vya asansea katika majengo yote ya mjini vigeuzwe, na wanaofanya kazi ghorofa ya kumi wahamie chini wakazoee. Umri nao uhesabiwe hivyo hivyo: mtoto awe juu kwenye jua, sisi wa sabini tuwe chini kwenye joto, na magoti yetu yataeleweka kwa kila mtu. Mwisho, avenue yetu ina mteremko, na nyumba namba moja iko bondeni. Namba za nyumba zigeuzwe. Kama ni kazi ngumu, basi ugeuzwe mteremko.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wanafunzi wako wote, na hasa Chancelvie, ambaye Agnès anasema ni binti mwenye adabu na anakaribishwa tena kula karanga. Mashine usiisalimie.

Ni mimi, ninayesubiri jibu lako nikiwa nimesimama wima,

Edouard Mwaba

P.S. Barua hii nilimsomea Agnès kabla ya kuifunga. Nilidhani atacheka. Aliniuliza tu kama nitamwacha mtoto arudie mwaka kwa ajili ya kiburi changu.

Basi, Bwana Profesa, mimi sikuwahi kushuka mgodini. Nilikuwa mtu wa chumba cha taa, juu, karibu na mlango. Miaka thelathini na moja nilizitundika taa za wafanyakazi kwenye misumari yenye namba, ndogo kushoto, kubwa kulia, na jioni sikuondoka mpaka kila msumari umerudishiwa taa yake. Mashine yenu ni nzima kabisa. Ila Michelle alipoanza kuniuliza habari za chini, kazi ya kutundika taa niliiona ndogo, nikashuka kwa mdomo. Baada ya hapo ilinibidi niendelee kushuka kila alipokuwa karibu. Siku aliyokuja Chancelvie, mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka ananitazama. Na kwenye lile jengo nilijua vizuri sana ghorofa ya sita iko wapi.

Karatasi yangu iacheni huko huko nje.

Leo asubuhi nimemwambia mtoto. Nilimchorea mstari uliolala, unaoanzia moja, nikamweleza kwamba kambo yake hakufika mita mia tano, wala mia mbili, wala moja. Alibaki mita sifuri, na taa. Nilikuwa tayari anicheke, au akatae kuniangalia. Aliutazama ule mstari, akanyoosha mkono nimpe kalamu. Akasema: “Sifuri hukuiandika. Basi kambo, tuanzie tu pale.”