Kulinda Kiwanda Kichanga Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Juni
Furaha tele! Mkurugenzi wetu wa Teknolojia hapa wizarani anastaafu. Kiti chake atapewa atakayeonyesha, kufikia Ijumaa, uvumbuzi wa wananchi unaotumika kiwandani. Bwana Takwimu, mwenzangu wa chumba cha pili kazini, tayari anapima madirisha ya ofisi ya Mkurugenzi ashone mapazia. Apime tu! Mimi nina mfumo mzima wa ubunifu nyumbani: shemeji mchomeleaji ni mvumbuzi, mke wangu mshonaji ni kiwanda, nami ni serikali.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji amemaliza mashine ya matundu ya vifungo. Ina uzito wa ng'ombe, lakini ni yetu! Mke wangu ameikagua, akasema kaka yake ana kipaji cha mageti. Eti anayo mashine yake ya kigeni, na sare za shule zinatakiwa Alhamisi. Hana muda wa michezo.

Vitabu vya uchumi viko wazi: kiwanda kichanga hulindwa dhidi ya bidhaa za nje. Alipokwenda kununua uzi, niliihamishia ile ya kigeni kabatini ofisini. Marufuku imeanza!

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu analia kwamba ameibiwa. Nimemfariji kwa ufasaha, kisha nikamsogezea mashine ya shemeji. Shati la kwanza: tundu la kupitisha ngumi. La pili: imebaki kola. Shemeji anadai kitambaa ndicho dhaifu. Kweli kabisa! Tunahitaji sera ya vitambaa.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu na shoga zake watatu wameshona matundu kwa mkono kutwa nzima. Wameniambia nipishe, nawazibia mwanga. Sare zimefika shuleni! Nimeandika katika ripoti: ajira kiwandani imeongezeka mara nne.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Kamati ya uteuzi imekuja ofisini. Nilimleta mke wangu atoe ushahidi kama kiwanda. Nikafungua kabati nichukue ripoti. Akaiona mashine yake. Akapaza sauti, "Kumbe mwizi wangu nampikia mwenyewe!" Bwana Takwimu, mpole kama malaika, akamsaidia kuibeba hadi nje. Mwenyekiti wa kamati akampa Bwana Takwimu kiti cha Mkurugenzi papo hapo.

Jumamosi, 8 Juni
Nimehamia kwa shemeji. Tumechambua kila kitu, na kosa tumeliona. Ulinzi haukutosha! Wanawake wale walibaki na sindano, nazo zinatoka nje. Jumatatu nitaanza kuzikusanya, mtaa mzima.