Kura Bila Majina ku Soko ya Vulamba

Lundi, 5 mars 2001
Muzee prezida wa soko yetu amehamia Lubero kwa batoto wake. Vita imemuchokesha. Kiti iko wazi! Mimi Onésime Sikuli, muuza sabuni, niko tayari tangu zamani. Shida ni moja: Mama Kasonia, muuza viazi. Anacheka na kila mutu. Anajua majina ya batoto ya soko yote. Mimi, batu banasema nasema mingi sana. Wakipima sura, nimekufa. Donc, nimetafuta akili.

Mardi, 6 mars
Akili imepatikana! Nimesimama mbele ya soko yote. Kila mwenye kutaka kiti amuelezee katekista Manassé kazi atafanya. Manassé atazisoma bila kutaja majina. Kila kazi na kikapo yake. Kila mutu atatia punje moja ya haragi, ndiyo maharage, mu kikapo ya kazi anayopenda. Tuchague kazi, tusichague mutu! Wakapiga makofi. Mama Kasonia amesema Baba Onésime ametufungua macho. Ile imenichoma kidogo.

Mercredi, 7 mars
Mama Vagheni amerudi toka Masereka, kwenye soko yetu inanunua viazi, bila viazi, bila viatu, jino imevunjika. Ku bariyeri ya njia, basoda wenye bunduki bamemunyangʼanya na kumupiga. Nimemupatia sabuni, nikakosa neno ya kusema. Mimi!
Mchana nimemaliza programu yangu: bureau, ndiyo ofisi ya prezida, kiti yenye mikono, bendera. Nimemunongʼonezea Lusenge fundi wa nguo kwamba yenye bureau ni yangu. Ameniambia nisivunje sheria yangu mwenyewe. Rafiki gani!

Vendredi, 9 mars
Siku ya kura. Programu ya kwanza, yangu. Mutu mumoja ameuliza nani atapangusa ile kiti.
Programu ya pili: wanaoenda Masereka batoke pamoja, bamama katikati, banaume mbele na nyuma. Mwenye kunyangʼanywa, kila mutu amupatie kidogo ya kuuza, aanze tena. Mama Vagheni akaanza kulia. Nikamuangalia. Haragi ilikuwa mu mukono yangu. Mukono ikaenda yenyewe.
Ku kikapo ya pili!
Kisha nikakumbuka mimi ni kandida. Nikaingiza mukono niitoe. Manassé akaukamata mbele ya batu bote. Aibu! Kikapo yangu ilibaki tupu kabisa.
Ku nyumba nikamuuliza bibi yangu Élise haragi yake iliingia kikapo gani.
"Ulituambia tusiangalie mutu, Baba," akajibu. "Mimi nilikutii."
Nikazima taa, nikalala.

Lundi, 12 mars
Programu ya pili ilikuwa ya Mama Kasonia, kweli. Sasa ni prezida. Kazi yake ya kwanza: amenichagua mimi niongoze banaume ya mbele. Nikauliza sababu. Amesema Baba Onésime anasema mingi. Basoda bakimusikiliza, sisi tutapita. Bote wakacheka. Lakini nimekubali. Niko na woga sana. Élise ameomba Mungu, na mimi pia, kwa sauti kubwa kumupita.

Mercredi, 14 mars
Tumerudi na viazi! Ku bariyeri soda mumoja ameninyooshea bunduki. Kinywa yangu ikafunguka. Nikamuelezea kura ya vikapo, toka mwanzo. Komanda yake akaja, akaketi. Akauliza kama inafaa kuchagua mukubwa wa basoda. Nikamwambia ulizo muzuri, komanda, tuanze na haragi. Bamama wakapita nyuma yangu bote, kimya, viazi mu mugongo. Basoda wamechukua tu sabuni na kofia yangu.
Juu ya kilima bamama wakaimba jina yangu mu Kinande. Mama Vagheni ameniita Tata, ni kusema baba. Mavumbi iliingia mu macho yangu.

Jeudi, 15 mars
Kila mutu ananisalimia! Batoto pia. Nimewaza muzuri: ile mambo ya programu ilikuwa upumbavu. Batu bachague mutu bamupendaye! Sura, moyo, basi. Kwaya ya kanisa inatafuta prezida wa Pasaka. Nimependekeza sheria mupya: hakuna programu, bakandida wasimame mbele, watabasamu, batu wachague.
Élise ameuliza nani mwingine anataka kiti. Nimemujibu ni Jéthro peke yake, ule kijana murefu mwenye sauti tamu na meno meupe.
Hatari haiko.