Nirudishieni Mke, Mchukueni Shemeji

Kwako Baba Mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umekaa, na ikiwezekana umeshakula. Mimi sijambo. Nimeoga juzi, kwa jirani.

KUHUSU: OMBI LA KUBADILISHANA WATOTO WAKO WAWILI

Najua mkwe halalamiki. Mkwe hukaa ukingoni mwa kiti, hupokea kinywaji kwa mikono miwili, na akiulizwa lolote hujibu, "Ni kweli, Baba." Nimefanya hivyo tangu siku niliyoposa na sijutii. Ndiyo maana leo nimetumia barua, kwa kuwa barua haivui viatu mlangoni wala hailazimiki kutazama chini inapozungumza nawe.

Utakumbuka bafu letu, ambalo ndilo choo pia, lilivyokuwa. Sakafu ilikuwa na ufa, na maji ya kuoga yalipita chini ya ukuta yakatokea chumbani, upande ninaolala mimi. Ulipotutembelea uliingia kunawa, ukatoka umekunja suruali, ukasema, "Hapa panataka mkono wa fundi." Nikakueleza kwamba mfuko umetoboka. Ukacheka, ukanipiga begani, ukasema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyo: "Fundi wa nje wa nini, na shemeji yako yupo?" Tulipiga makofi sote, Baba. Mimi nilipiga kuliko wote.

Shemeji akaja na mfuko wake wa zana. Akalitazama bafu, akagonga ukuta hapa na pale, akasikiliza, akasema ni kazi ya wiki moja. Kumbe mafundi wenzake humwita Bado Kidogo, jambo ambalo halikutajwa mbele yangu na upande wowote wa familia. Binti yako akaja kwenu kwa siku chache, vumbi litulie. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Mvua zimenyesha, zimekatika, na sasa watu wanasubiri nyingine. Vumbi lilitulia zamani. Limetulia juu ya kila kitu. Nikimpigia simu binti yako kumuuliza atarudi lini, jibu lake ni lile lile: "Nitarudi bafu likiwa na mlango wa kufunga. Mimi siwezi kuoga huku naimba ili watu wajue nipo ndani." Mimi mwenyewe nimeishiwa nyimbo.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Vigae. Tulikubaliana kutumia mabaki, kwa sababu mkono mtupu haulambwi na wangu ulikuwa mtupu. Shemeji amefanya kazi kwingi, na kila alikofanya kuna kilichobaki. Kwa hiyo ukuta wa kushoto ni wa benki, wa kulia ni wa zahanati, sakafu ni ya bucha, na katikati umepita mstari wa maua uliotoka saluni. Ukisimama kuoga, bega moja linajisikia limekuja kukopa na la pili limekuja kuchomwa sindano. Nilimuuliza kwa upole kama vigae havingeweza kufanana. Akanijibu kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Ni vigumu kubishana na mtu aliyejificha nyuma ya wahenga.

2. Vipimo. Utepe wa kupimia wa shemeji umekatika kipande cha mwanzo, kiasi cha shubiri moja. Hataki kununua mwingine; anasema fundi hodari huitoa hiyo shubiri kichwani. Ni kweli huitoa, lakini asubuhi tu. Akishakula chakula cha mchana husahau. Matokeo yake bafu letu lina upande wa asubuhi, ulionyooka kabisa, na upande wa mchana. Nafasi ya mlango aliipima asubuhi. Mlango wenyewe aliukata mchana. Hata ukisukumwa mpaka mwisho, chini panabaki uwazi ambao kuku anapita bila kuinama, na yupo kuku wa jirani anayepita kila siku.

3. Mlango huohuo. Umetoka katika ofisi iliyohama. Nusu ya juu ni kioo, na kwenye kioo kuna maandishi mekundu: HUDUMA KWA WATEJA. Kitasa hauna, kwa sababu ofisi ilihama nacho. Kioo shemeji amekipaka rangi, lakini maandishi ameyazunguka kwa brashi ndogo akayaacha, kwa madai kwamba fundi haharibu kazi ya fundi mwenzake. Wiki iliyopita msoma mita wa maji alipita uani, akayasoma, akasimama nje ya mlango kwa adabu na karatasi zake mkononi. Mimi nilikuwa ndani, naimba. Nilipomaliza ubeti nikamsikia akiuliza, "Samahani, foleni inaanzia wapi?"

4. Umeme. Swichi iliyo bafuni inawasha taa ya barazani. Taa ya bafu inawashwa kutoka jikoni, na mtu aliye jikoni mara nyingi ni shemeji, ambaye ana msimamo mkali kuhusu matumizi ya umeme. Basi mimi naoga gizani huku baraza likiwaka, na mtaa mzima unajua nilipo. Mama wa genge, anayeuza mboga ng'ambo ya barabara, ameacha kuniuliza habari za asubuhi. Huniambia moja kwa moja, "Pole, jana tumbo lilikusumbua," kisha hunitilia limau la bure kwenye mfuko. Nimefikia hatua ya kukosa siri ya tumbo langu mwenyewe.

5. Hili ndilo zito, nakuomba ulisome polepole. Shemeji alihamia kwangu ili kupunguza nauli. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake mwenyewe siku ya kwanza, ndiyo maana sikuwa na la kumpa. Tangu hapo mambo yamekwenda yakaja. Ameupanga upya upande wa vyombo. Ameficha sukari. Hataki niingie na viatu, yeye ambaye ana ndoo ya mchanga sebuleni. Nikirudi kazini hunifunulia chakula na kuuliza nimepitia wapi. Siku moja nilikula na wenzangu wa ofisini, nikafika nimeshiba. Alikitazama kile chakula, akasema, "Ningejua nisingepika," akaenda kuchanganya saruji bila kula.

Tumegombana pia. Yeye alitaka saruji ya kuzibia katikati ya vigae iwe nyeupe, mimi nilitaka ya kijivu isiyoonyesha uchafu. Tukanuniana. Akawa anaacha mlango wazi makusudi, mimi nikawa naimba kwa sauti makusudi. Aliyetupatanisha ni mama wa genge, kwa kutukalisha kwenye kreti zake za soda na kuuliza kila mmoja anasikitikia nini hasa. Kila mmoja alisema. Nyeupe ikashinda. Siku chache baadaye ikaja kadi ya mwaliko wa harusi, na juu ya bahasha, Baba, wameandika jina langu, halafu "na Shemeji".

Hapo ndipo niliposhtuka.

6. Kandambili za binti yako bado ziko pale nje ya bafu. Moja imejaa saruji, nyingine nimeisafisha. Sina kejeli katika hili la sita. Nimemkumbuka. Nimekumbuka anavyonikatiza ninapoeleza jambo, na anavyocheka kabla mimi sijafika penye kuchekesha. Nyumba ina harufu ya gundi ya mabomba na mimi nataka mke wangu.

Sasa hebu tuitazame hali hii kama watu wazima. Nilikuja kwako na wazee wangu, nikiwa na suti ya kuazima, nikaomba mtoto mmoja. Nilimtaja ni yupi. Ukaridhia mbele ya mashahidi. Leo nikihesabu, yule niliyemwomba yuko kwako, anakula kwako na kuoga kwako, na yule ambaye sikumwomba yuko kwangu, ameficha sukari. Sisemi kuna hila. Lakini hata dukani, ukifungashiwa mzigo usio wako, unaurudisha ukiwa na karatasi yake, na mwenye duka anaomba radhi. Karatasi ya shemeji sinayo, ila yeye mwenyewe yuko katika hali nzuri na amenenepa kidogo.

Kwa hiyo naomba kikao cha familia kiitwe, kiamue mojawapo ya haya.

Kwanza, nipewe talaka ya shemeji. Nimeuliza watu, nao wanasema haijawahi kutolewa. Mimi naona ni kwa sababu haijawahi kuombwa vizuri. Naomba nitenganishwe na kaka bila kuguswa ndoa yangu na dada. Niko tayari kumwacha na vyombo alivyovipanga.

Ikishindikana, binti yako arudi bafu likiwa hivyo lilivyo, nami nitasimama nje ya mlango kila anapooga, nimwimbie mimi, na kumzuia kuku.

Na hilo nalo likishindikana, basi mimi nihamie kwenu. Nimelifikiria sana na naona lina faida: mke nitakuwa naye, bafu lenu lina mlango, na shemeji atabaki na nyumba nzima aimalizie kwa nafasi. Tatizo ni moja tu. Shemeji hawezi kukaa peke yake, hula akizungumza. Baada ya siku tatu atatufuata na mfuko wake wa zana, na mara ya mwisho nilipokuwa kwenu niliona kigae kimoja bafuni kimeachia. Wewe mwenyewe utajua utamwambia nini.

Nisalimie Mama Mkwe, mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata na nitaituma. Salamu kwa mashangazi wote wawili, kwa wadogo zake mke wangu, na kwa yule mpangaji wenu wa chumba cha uani. Msalimieni pia mshenga aliyeniongoza siku ya posa; mwambieni alisifu kila kitu kwa ufasaha, ila kaka alimruka. Na binti yako msalimie peke yake, tena kwa sauti ya chini.

Ni mimi mkweo, mwenye heshima nyingi na saruji kidogo masikioni,

Baba Mwenye Nyumba (kwa muda)

Tanbihi: Barua hii imekaa mfukoni tangu Jumatatu, na mambo yamebadilika. Shemeji amemaliza. Aliunga kipande chini ya mlango, akatia kitasa na komeo, akazirudisha swichi mahali pake. Tukaujaribu mlango, yeye ndani mimi nje, halafu mimi ndani yeye nje. Unafunga. Akakunja mfuko wake, akasema, "Haya, dada arudi sasa," akadandia lori la mchanga akaondoka. Jioni binti yako akapiga simu kwamba anakuja Jumapili. Yaani kila nilichokiomba nimekipata bila kikao.

Jana nikachelewa kurudi, na hakuna aliyetaka kujua nilikuwa wapi. Nikakaa. Nikaingia bafuni, nikajifungia, nikatoka. Nikachukua nyundo, nikavunja kigae kimoja, cha upande wa zahanati, kwa uangalifu, bila kugusa vya jirani yake.

Kwa hiyo nakuomba, Baba Mkwe, ile talaka usiitaje popote. Jumapili binti yako aje, na kaka yake amsindikize, abebe mizigo na saruji nyeupe kidogo. Dada asiambiwe, maana akisikia habari ya kigae hataondoka kwenu. Kaka naye asiambiwe kwamba kimeachia chenyewe, atadhani ni kazi yake mbaya na hatalala. Mwambie niliangusha nyundo. Akiuliza nyundo bafuni nilikuwa naifanyia nini, naomba wewe ndiye umjibu, maana wewe ndiye mzazi wetu.