Salamu Zilizokula Jiko la Gesi

Leo sina uso. Nimeaibika hewani, na redio za Kitengela nzima zikiwa wazi.

Mnajua ule mchezo wa maneno wa redioni wa kila mchana. Mtangazaji anataja herufi tatu, unapiga simu, unampa neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote. Unapewa nusu dakika tu. Zawadi ya wiki hii ilikuwa jiko la gesi.

Hilo jiko nililitaka sana. Tangu tuoane, mke wangu Mwende anapika kwa stovu ya mafuta taa, na ule moshi umemfanya awe mtu wa kukohoa. Nilimwahidi nitamshindia. Nimelala na kamusi wiki nzima. (Mwende alisema kama ningemwangalia yeye vile naangalia kamusi, tungekuwa na watoto kumi.)

Basi leo niko kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, Mwende ameniletea bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, mtangazaji akataja X, Y na G. Nikapiga. Siku zote laini huwa imeshikwa. Leo ikaingia.

Na nilikuwa na majibu mawili! Oxygen na galaxy. Moja la kushinda, lingine la akiba. Mwende akaweka bakuli chini, akanishika mkono. Majirani wakajaa mlangoni.

"Uko hewani. Unaitwa nani, na unapiga kutoka wapi?"

"Naitwa Musyoka, napiga kutoka Kitengela."

"Haya Musyoka, muda wako umeanza. Tupe neno."

Hapo ndipo malezi yaliponiponza. Mimi nimekua na redio ya salamu. Kwetu Entarara, mtu akiingia hewani bila kusalimia watu wake, wanasema mji umemharibu. Mdomo ukajiendea wenyewe.

"Kabla sijajibu, ningependa kusalimia baba na mama kule Entarara, najua mko shambani na redio. Kaka yangu Mutua, kule Gataka. Abdi wa duka, hapa Kitengela. Njoroge wa makaa, pamoja na familia yake yote."

"Musyoka, neno," mtangazaji akasema.

"Nakuja." (Nakuja wapi, jamani?)

Kumbe mteja wangu Lekishon amesimama pale mlangoni na fimbo yake, ananitazama kwa hamu. Ningemruka vipi? Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa, Lekishon." Halafu nikangoja aitikie, maana ndiyo adabu. Lekishon naye hana haraka. Akakohoa kwanza, akasogea karibu na simu, akaitikia, "Epa."

"Na wengine wote wanaonijua," nikamalizia. "Sasa, neno langu ni..."

Kengele ikalia.

"Pole sana, Musyoka, muda umeisha. Lakini salamu zimefika." Akanikatia.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja kutoka Kajiado mjini. Huyo hakusalimia hata paka wake. "Oxygen," akasema, akabeba jiko. Redio zote kibandani mwangu zikampigia makofi, na ni mimi niliyezitengeneza.

Majirani walicheka mpaka Abdi akaketi chini. Ni Mwende tu ambaye hakucheka. Nikaanza kujitetea, "Mwende, wiki ijayo nitapiga tena, hilo jiko..."

"Jiko wacha liende," akasema, akifunika bakuli. "Stovu nimezoea. Lakini Musyoka, hata Njoroge wa makaa umemsalimia. Na mimi ndiye nilikuwa nimekushika mkono."

Akaenda zake. Na githeri akaenda nayo.

Afadhali angenifokea. Nampenda huyu mwanamke, jiko lenyewe lilikuwa lake, na mbele ya taifa zima nimemtaja Lekishon nikamwacha yeye. (Lekishon bado yuko kibandani. Anaambia kila mteja alivyotokea redioni.)

Nimekimbilia saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kuwaandikia kwa sababu najua Mwende hupitia ukurasa huu akija kusoma barua pepe za dada yake. Chekeni mkitaka, ila mcheke polepole, nisiwasikie.

Na safari hii hakuna kengele. Kwa hivyo kabla ya lolote lingine, namsalimia mke wangu Mwende, wa Kitengela. Peke yake. Ninyi wengine mtangoja, na Njoroge wa makaa angoje zaidi.